Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nini Hufanya Pambano la Mieleka Liaminike?

Maswali haya huibuka kila mieleka inapowashwa, iwe sebuleni au kwenye kibanda umiza. Mengine huulizwa na mgeni anayetaka kujua kama wanapigana kweli, mengine na shabiki wa miaka mingi ambaye pambano la jana halikumwingia akilini. Yanaanza na ya msingi, yanaishia kwenye yale yenye ubishi. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Wanapigana kweli au wanaigiza?

Mshindi anajulikana kabla kengele haijalia. Hiyo si siri tena. Mwaka 1989 kampuni ya WWF, ambayo leo ni WWE, iliwaambia watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani, maana haikutaka kubanwa na kanuni za michezo ya ushindani.

Ila mwili hauigizi. Ulingo wa mieleka ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikafunikwa kwa sponji nyembamba na turubai. Mtu wa kilo 110 akinyanyuliwa na kubwagwa hapo, anaumia. Alichofundishwa ni namna ya kuanguka: kidevu kimebanwa kifuani, mikono inapiga chini kwa wakati mmoja, uzito unatawanyika mgongoni usitue shingoni. Makofi ya kifuani nayo ni makofi kamili. Gunther na Sheamus walipopambana Cardiff, Septemba 2022, kifua cha Sheamus kilikuwa chekundu kabla pambano halijafika katikati, na hakuna rangi iliyopakwa pale.

Kama najua matokeo yamepangwa, naaminije?

Huombwi kuamini kwamba ni vita ya kweli. Unaombwa kuamini kwamba watu hawa wawili wanataka kushinda. Ukiliamini hilo moja, mengine yote yanafuata, na mpiganaji akilivunja hilo moja, hakuna ufundi utakaomwokoa.

Kipimo ninachotumia ni hiki. Kila tendo liwe na sababu, na kila tendo liache alama. Kwa nini amepanda juu ya kamba sasa hivi na si dakika tatu zilizopita? Kwa nini anashika mguu wa kushoto? Na mguu ule ulioshikwa, dakika kumi baadaye, bado unauma? Pambano lenye mantiki lina majibu ya maswali haya hata kama hakuna anayeyauliza. Pambano bovu ni orodha ya mbinu nzurinzuri zilizopangwa mstari, moja haijui kilichotokea kwenye nyingine.

Si afadhali wapigane kweli tu, tujue moja?

Ilishajaribiwa. Tarehe 26 Juni 1976, katika ukumbi wa Budokan mjini Tokyo, Muhammad Ali alikutana na Antonio Inoki, mwanamieleka mkubwa wa Japani. Pambano halikupangiwa mshindi, lakini lilifungwa na masharti chungu nzima ambayo watazamaji hawakuelezwa vizuri. Inoki alitumia karibu raundi zote 15 akiwa amelala chali, akimrushia Ali mateke ya miguuni. Ali alizunguka, akapiga kelele, ngumi alizorusha zinahesabika kwenye vidole. Ikatangazwa sare. Watu waliokuwa ukumbini walizomea na kurusha takataka.

Mateke yale yalikuwa ya kweli mno: miguu ya Ali iliumia vibaya, akahitaji matibabu. Lakini mtazamaji hakuona sababu wala matokeo, aliona mtu amelala na mwingine anamzunguka. Ukweli peke yake haujielezi. Na si mara ya kwanza. Mwaka 1908 Frank Gotch na George Hackenschmidt walipigania ubingwa wa dunia mjini Chicago kwa takriban saa mbili, sehemu kubwa wakiwa wamesimama wakisukumana. Miaka ya 1920 mwanamieleka Ed Lewis na washirika wake Toots Mondt na Billy Sandow walibadilisha biashara nzima: mapambano yakawekewa muda, mwendo ukaongezwa, miisho ikatungwa. Walikuwa wameelewa kwamba watu wanalipia pambano linaloeleweka.

Nani anaamua kitakachotokea?

Uongozi wa kampuni huamua mshindi na mwelekeo wa hadithi. Wapiganaji wenyewe, wakisaidiwa na wakongwe waliostaafu, hupanga jinsi ya kufika hapo. Wapo wanaopanga kila hatua, kama alivyokuwa Randy Savage, ambaye aliandika mapambano yake kwenye karatasi na kuyakariri. Wapo wanaokubaliana mwisho tu, halafu mengine wakanong'onezana humohumo ulingoni huku wakiwasikiliza watu. Njia zote mbili zimezaa mapambano makubwa.

## Mwili na maumivu

Kwa nini mpiganaji hung'ang'ania kiungo kimoja, mguu tu au mkono tu?

Kwa sababu ndipo mantiki inapoonekana kwa macho. Ric Flair alimalizia watu kwa kuwafungia miguu kwa umbo la tarakimu nne, kwa hiyo tangu mapema alikuwa akipiga teke goti, akiliburuza hadi kwenye kona, akiliangukia. Akija kuikunja ile miguu mwishoni, hata aliyeingia ukumbini na shaka anajua kwa nini mpinzani hawezi kutoka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Randy Savage na Ricky Steamboat kwenye WrestleMania III, onyesho kubwa la kila mwaka la WWF, tarehe 29 Machi 1987, katika uwanja wa Pontiac Silverdome, Michigan. Ili uuelewe, rudi nyuma hadi mwishoni mwa 1986. Savage alimpiga Steamboat kooni kwa kengele ya ulingo, Steamboat akatolewa kwa machela, na kwa wiki kadhaa televisheni ilimwonyesha akijifunza upya kuongea. Kwa hiyo siku ya pambano, koo ndilo jambo lenyewe. Savage analilenga. Steamboat naye, mtu mpole asiyejulikana kwa hasira, anamkaba Savage shingoni kwa mikono miwili na kumnyanyua, na uwanja mzima unaelewa kwamba hilo ni deni linalolipwa.

Halafu angalia mwisho. Refa ameanguka. Savage anakwenda kuchukua kengele, kengele ileile, na kupanda nayo juu ya kamba. George Steele, aliyekuja na Steamboat, anamsukuma, anaanguka. Savage anainuka amechanganyikiwa, anamnyanyua Steamboat ili ambwage, Steamboat anajikunja na kumviringisha, mabega ya Savage yanabanwa chini, refa anahesabu moja, mbili, tatu, na Steamboat ameshinda. Silaha iliyoanzisha ugomvi ndiyo iliyomponza mwenyewe. Hakuna aliyehitaji kuelezwa hilo na mtangazaji.

Mwaka 2015 Sasha Banks na Bayley walifanya jambo kama hilo mjini Brooklyn. Bayley alikuja na mkono uliofungwa bandeji kwa jeraha la awali, na Sasha hakuusahau hata dakika moja. Bayley alipojikokota kuitafuta kamba ili aokoke, Sasha aliukanyaga mkono uleule. Chuki ya ukumbi mzima kwa Sasha ilijengwa na kisigino kimoja.

Kosa gani huua mantiki haraka kuliko mengine?

Maumivu kusahaulika. Mtu amepigwa goti kwa dakika kumi, amelia, amechechemea, kisha anapanda juu ya kamba na kuruka sarakasi kama hakuna kilichompata. Pale zile dakika kumi zote zimefutwa, na mpinzani wake amefanywa aonekane hana nguvu.

Haina maana kwamba aliyeumia asishambulie. Anaweza kuruka, lakini akitua ashike goti, achelewe kwenda kumlalia mpinzani, na kuchelewa huko kumnyime ushindi. Hapo maumivu yamefanya kazi: yamekuwa sababu ya mpinzani kunusurika. Wanaojua kazi yao huyatumia maumivu hivyo pambano zima.

Mtu akirushwa kwenye kamba, kwa nini anarudi mbio? Si ajizuie tu?

Hili huulizwa na kila mgeni, na ni swali la haki. Jibu fupi ni kwamba ni desturi ya mchezo, na mtazamaji huikubali kama anavyokubali mwigizaji wa filamu kuimba katikati ya mvua. Jibu refu ni kwamba mpiganaji mzuri huifanya desturi hiyo iwe na maana. Aliye na nguvu anashika kamba na kukataa kurudi. Aliyechoka anarushwa na magoti yanamwishia njiani. Mjanja anarudi kwa kasi kwa sababu anataka kasi hiyo aitumie mwenyewe. Ukiona mtu anajizuia hata mara moja katika pambano, zile mara nyingine alizoshindwa kujizuia zinaaminika zaidi.

Mdogo anamshindaje mkubwa?

Kwa kasi, kwa akili, au kwa kosa la mkubwa. Kwa nguvu hapana. Rey Mysterio hakuwahi kuhitaji kubeba majitu. Alikimbia, akaruka, akawazungushia miguu shingoni na kutumia uzito wao wenyewe kuwaangusha. Siku ambayo mtu mwepesi anamnyanyua mtu mwenye uzito mara mbili yake bila sababu, mlango wa imani umefungwa.

Na mtu akimnyanyua jitu, njia ya kufika hapo iwe imejengwa. Usiku uleule wa WrestleMania III, Hulk Hogan alijaribu kumbeba Andre the Giant mwanzoni kabisa mwa pambano. Mgongo ukamshinda, Andre akamwangukia, na Hogan nusura apoteze palepale. Pambano lote lililofuata lilikuwa mtu mwenye mgongo mbovu akisubiri nafasi ya pili. Alipombeba kweli na kumbwaga, watu walikuwa wameshaona kwamba inaweza kushindikana. Kiufundi lilikuwa pambano la polepole, Andre akiwa mgonjwa na hawezi kufanya mengi, na bado lile bwago linakumbukwa na watu ambao hawajawahi kutazama pambano jingine.

Kwa nini siku hizi pigo la kumalizia halimalizi?

Kwa sababu limetumika vibaya. Pigo la kumalizia ni ahadi: likitua, mambo yamekwisha. Jake Roberts alikuwa na mbinu yake ya DDT, ya kumshika mtu kichwa na kuanguka nacho, na ilipokuwa ikitua, watu walianza kuinuka vitini. Leo ile ile hutumika katikati ya pambano, mtu anahesabiwa mbili anainuka.

Kunusurika kwenye pigo la kumalizia kuna thamani kubwa kama ni jambo la nadra. Kazuchika Okada, enzi zake New Japan, kampuni kubwa ya mieleka ya Japani, alilinda kumbo lake la mkono shingoni kwa miaka mingi. Aliyenusurika nalo alikuwa amefanya tukio. Ndiyo maana mapambano yake na Kenny Omega, kuanzia lile la Tokyo Dome la tarehe 4 Januari 2017 lililozidi dakika 46, yaliweza kuwa marefu kiasi hicho: Omega naye alikuwa na pigo la kumalizia ambalo Okada alilikwepa usiku ule wote, kwa hiyo kila alipokaribia kulipiga watu walishika vichwa. Pigo ambalo halijatua lina nguvu kuliko pigo lililotua mara tano.

Kuhesabiwa mbili na kunusurika mara ya kwanza kunashtua. Mara ya nane mtazamaji ameshaacha kuhesabu, na hana kosa.

## Steringi, adui na refa

Kwa nini adui ndiye anatawala sehemu kubwa ya pambano?

Steringi asipoteswa, hana cha kushinda. Utaratibu wa kawaida ni kwamba steringi anaanza vizuri, adui anapata upenyo, mara nyingi kwa hila, anamkandamiza muda mrefu, steringi anafurukuta na kukatizwa, anafurukuta tena, hatimaye anaibuka. Kule kukatizwa ndiko wengi hawakuthamini. Adui akimrudisha chini pale tu watu wanapoanza kusimama, mara ya pili watasimama kwa sauti kubwa zaidi.

Muhimu ni adui naye awe na sababu. Adui anayefanya ubaya kwa sababu tu ni adui anachosha. Adui anayedanganya kwa kuwa anaogopa kupoteza mkanda wa ubingwa anaeleweka na kila mtu, na mtu anayeeleweka ndiye anayechukiwa vizuri.

Refa ana kazi gani kama kila kitu kimepangwa?

Kubwa kuliko unavyodhani. Ndiye anayebeba sheria, na bila sheria hila haina maana. Kwenye WWE aliye nje huhesabiwa hadi kumi, New Japan hadi ishirini. Aliyeshika kamba lazima aachiwe kabla ya tano. Adui anayemkaba mtu na kuachia kwenye nne, akarudia, akaachia tena kwenye nne, ametumia sheria kama silaha. Bila refa anayehesabu kwa ukali, tendo hilo lingekuwa kukaba tu.

Pia refa husikia maelekezo kutoka nyuma ya pazia, huwaambia wapiganaji muda uliobaki, na ndiye wa kwanza kujua kama mtu ameumia kikweli (tazama swali la jeraha la kweli hapo chini).

Mbona refa haoni mambo yanayofanyika mbele ya pua yake?

Hapa nina msimamo. Refa asiyeona kwa sababu amezuiwa anaaminika: amevutwa na meneja, ameangukiwa, anamrudisha mwenzake wa timu kwenye kona. Refa asiyeona kwa sababu hadithi inataka asione ni uvivu wa mtunzi. Na refa akiangushwa, litokee kwa nadra. Akiangushwa kila wiki, watu wakimwona tu anasogea kwenye kona wanajua kitakachofuata.

Mtu anaweza kushindwa na bado akatoka mkubwa kuliko mshindi?

Anaweza, na pambano la Bret Hart na Steve Austin la tarehe 23 Machi 1997 ndilo somo lake. Ilikuwa WrestleMania 13, ukumbi wa Rosemont Horizon karibu na Chicago. Sharti lilikuwa moja: ushindi unapatikana kwa mpinzani kusalimu amri, na refa alikuwa Ken Shamrock, mtu aliyetoka kwenye mapambano halisi ya vizimbani, kwa hiyo neno lake kuhusu nani ameisha lilikuwa na uzito.

Bret aliingia akiwa steringi ambaye kwa miezi alikuwa ameanza kulalamika sana. Austin aliingia akiwa adui ambaye watu walikuwa wameanza kumpenda. Bret akaushambulia mguu wa Austin bila huruma, akaufunga kwenye nguzo ya ulingo, akaupiga kwa kiti. Kichwa cha Austin kikapasuka, damu ikamfunika uso. Mwishoni Bret akamfungia mbinu yake ya Sharpshooter, ya kukunja miguu na kumkalia mtu mgongoni. Austin akajiinua kwa mikono, meno yamejaa damu, nusura ajitoe, akazidiwa, akarudi chini. Hakugonga chini kusalimu amri. Hakusema neno. Alizimia.

Shamrock akasimamisha pambano. Bret ameshinda kihalali, lakini hakutosheka, akaendelea kuupiga ule mguu wa mtu asiyejitambua mpaka Shamrock akamtoa kwa nguvu. Akaondoka akizomewa. Austin akaamka, akakataa kushikwa mkono, akatoka mwenyewe akichechemea, ukumbi ukiliimba jina lake. Ndani ya pambano moja steringi na adui walibadilishana nafasi, na hakuna aliyehutubia. Kila kitu kilielezwa na matendo: mmoja hakukubali kusalimu, mwingine hakukubali kuacha.

## Mambo yenye utata

Undertaker anafufuka, taa zinazimika. Mantiki iko wapi?

Mantiki haidai kwamba jambo liwezekane duniani. Inadai kwamba ulimwengu ule uheshimu sheria zake. Undertaker alipoanza mwaka 1990 alikuwa maiti anayetembea: akipigwa hashtuki, akiangushwa anaketi wima. Sheria ikajulikana. Kwa hiyo kila mpinzani aliyeweza kumfanya ayumbe alikuwa ametimiza jambo, na alipofululiza ushindi 21 kwenye WrestleMania, kuvunjwa kwa mfululizo huo na Brock Lesnar tarehe 6 Aprili 2014 mjini New Orleans kuliwaacha watu wazima midomo wazi. Ukumbi ulinyamaza, wengine wakidhani refa amekosea kuhesabu.

Wasomaji wa Kongo hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Kinshasa ina mieleka yake, wenyewe wanaiita catch, na ipo aina ambayo wapiganaji huingia na ngoma, mavazi na dawa. Mtu anampulizia mwenzake unga, mwenzake anaganda au anaanguka. Lina mantiki kamili kwa sababu watazamaji wanaijua nguvu inayodaiwa, wanajua kwamba dawa hujibiwa kwa dawa, na wanasubiri kuona nani amejiandaa vizuri zaidi. Anayeshinda kwa dawa ambayo haijatambulishwa mbele ya watu ndiye anayeharibu.

Damu nyingi na kuruka kutoka juu sana hufanya pambano liaminike zaidi?

Kwa sekunde chache, ndiyo. Tarehe 28 Juni 1998 mjini Pittsburgh, Mick Foley, akicheza kama Mankind, alirushwa na Undertaker kutoka juu ya kizimba, kimo cha karibu mita 5, akatua kwenye meza ya watangazaji. Akarudi juu, akaanguka tena kwa kupitia paa la kizimba. Hakuna aliyetazama akasema ni uongo. Lakini gharama yake ilikuwa mwili wa Foley, na waliokuja kumwiga walisahau kwamba lile tukio lilibebwa na mtu ambaye miaka yote alijitambulisha kama anayepokea maumivu. Kuruka bila sababu hiyo ni kujiumiza tu.

Mwaka uliofuata, tarehe 23 Mei 1999 mjini Kansas City, Owen Hart alifariki baada ya kuanguka wakati akishushwa kwa kamba kutoka darini ili aingie ulingoni kwa mbwembwe. Pambano lake lilikuwa hata halijaanza. Binafsi sioni tukio lolote la mieleka lenye thamani ya hatari ya namna hiyo. Koo la Steamboat lilijengewa imani kwa kengele na wiki kadhaa za subira.

Tutajuaje kama jeraha ni la kweli?

Mara nyingi huwezi, na ndivyo inavyotakiwa. Dalili moja inajulikana: refa akipandisha mikono yake na kuipishanisha kama herufi X, anawaita madaktari kwa jambo la kweli. Hata hiyo imewahi kutumika kama sehemu ya hadithi.

Mara chache jeraha la kweli huingizwa kwenye pambano. Tarehe 5 Juni 2022, katika ukumbi uleule wa Rosemont ambao Austin alimwaga damu, sasa ukiitwa Allstate Arena, Cody Rhodes alivua koti na ukumbi ukaguna kwa mshtuko. Msuli wa kifua chake cha kulia ulikuwa umechanika kutoka kwenye mfupa, na kifua hadi mkononi palikuwa zambarau iliyokolea. Alipambana na Seth Rollins ndani ya kizimba, Rollins akiulenga upande ule kama adui yeyote mwenye akili angefanya, na Cody akashinda, akaenda kufanyiwa upasuaji. Kuaminika kwake hakuna mjadala. Kama ilikuwa busara kumruhusu ni suala jingine, na wanaosema hapana wana hoja.

Pambano la upande mmoja, au la sekunde chache, linaweza kuwa na mantiki?

Linaweza, kama linatufundisha jambo tulilohitaji kujua. Kwenye SummerSlam ya 2014, onyesho jingine kubwa la WWE, Brock Lesnar alimbwaga John Cena mara 16 kwa mtindo uleule, akimshika kiunoni kwa nyuma na kumrusha juu ya kichwa. Halikuwa pambano la ushindani, lakini lilimtangaza Lesnar kuwa hatari isiyo ya kawaida, na Cena alifurukuta kadiri alivyoweza.

Ila Oktoba 2019 Lesnar alimchapa Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, kwa sekunde zisizofika kumi na kumnyang'anya mkanda aliokuwa ameushikilia tangu Aprili. Lesnar kushinda si tatizo. Tatizo ni Kofi, aliyepambana miaka 11 kuufikia mkanda ule, kurudi wiki zilizofuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakudai kisasi. Hakuonekana kuumia moyoni. Tendo halikuacha alama, na mashabiki wengi wa Afrika hawajalisahau hadi leo.

Montreal 1997 ilikuwa sehemu ya hadithi?

Kwa maelezo ya waliohusika, hapana. Tarehe 9 Novemba 1997 Bret Hart, akiwa njiani kuhama kampuni, alipambana na Shawn Michaels nchini kwao Kanada. Alikuwa ameambiwa pambano litaisha kivingine. Michaels alipomfungia Sharpshooter, mbinu ya Bret mwenyewe, mmiliki Vince McMahon akiwa kando ya ulingo aliamuru kengele ipigwe ingawa Bret hakuwa amesalimu amri. Bret akamtemea mate. Ubishi haujaisha, lakini kwa mada yetu angalia jambo moja: mpaka leo wapo wanaotazama ule mkanda wa video wakitafuta kama lilipangwa. Pambano ambalo mwisho wake haukukubaliwa na pande zote liliishia kuonekana la kutiliwa shaka kuliko yale yaliyopangwa vizuri.

Watoto wanaiga nyumbani. Niwaambie nini?

Waambie ukweli wote, nusu yake haitoshi. Ukiwaambia "ni uongo," watadhani hakuna anayeumia na watarushana kwenye sakafu ya saruji. Waambie kwamba wale wamefunzwa kwa muda mrefu namna ya kuanguka, kwamba anayebebwa anamsaidia anayebeba, na kwamba hata hivyo wanavunjika. Kabali za shingoni na kumbeba mtu kichwa chini zipigwe marufuku kabisa.

Mimi ni mgeni. Nianze na pambano gani?

Anza na Savage na Steamboat, ni kama robo saa tu na halihitaji maelezo zaidi ya yaliyo hapo juu. Litazame mara ya pili bila sauti ya watangazaji, ufuate koo peke yake. Kisha nenda kwa Hart na Austin. Banks na Bayley la Brooklyn liwe la tatu, hasa kama nyumbani kuna binti anayependa mieleka. Omega na Okada liache la mwisho: ni refu, na utamu wake unatoka kwenye kujua pigo lipi halijatua bado.